Mnaojiita wataalamu wa nyoka hapa Mwanza, acheni kuchokonoa watoto wa chatu na spoku!!

Wakuu heshima kwenu, leo nina hasira acheni niseme. Niko Kisesa huku, kikundi chetu cha ngoma tunacheza na chatu kama Bayeye, wale wacheza ngoma ya nyoka wa Kisukuma, walivyocheza enzi za mababu, na kibali tunacho kwa hiyo wale wa kuuliza sheria pitieni mbali. Jike wetu alitaga, akajizungushia mayai yake wiki na wiki mpaka yakaanguliwa, tukabaki na watoto wanne.

Sasa kuna jamaa toka mjini, simtaji, akasema elfu kumi kwa kila mmoja anatuambia dume yupi jike yupi. Tulitaka kujua maana jike wa chatu ndo anakuwaga mkubwa kuliko dume, unajipanga mapema. Tukakubali, ujinga wetu. Si akatoa spoku ya baiskeli! Hana mafuta hana nini, anasukumia kwenye tundu la haja kuelekea mkiani, mtoto mwenyewe futi mbili hajafika mkia kama penseli, namwambia kaka taratibu basi ananijibu "tulia mzee nimefanya sana". Damu ikatoka. Mkia ukavimba, siku ya tatu kafa.

Kipimo hicho kipo kweli sikatai. Ila ni kijiti cha chuma laini chenye ncha ya mviringo, kinapakwa jeli, kinateleza taratibu, kwa dume kinazama sana maana viungo vyake viwili vya uzazi vimelala ndani ya mkia kama soksi iliyogeuzwa, kwa jike kinagota mapema, unahesabu magamba ya chini ya mkia kimefika la ngapi. Kikigoma UNAACHA. Ukilazimisha unatoboa nyama, halafu kwa kuwa kimezama unatangaza "dume huyu" kumbe umemtoboa jike wa watu. Na marehemu wetu aliambiwa ni dume, sasa sijui nilie au nicheke.

Kuna wanaobinya mkia kwa dole gumba, watoto wakiwa wa siku chache tu tangu waanguliwe, unaliviringisha polepole toka mkiani kuja kwenye tundu, vikichomoza vidude viwili vyekundu ni dume. Hata hiyo inataka mtu aliyefundishwa kwa vitendo siyo kwa video, na visipochomoza usikimbilie kusema jike, anaweza akawa kakaza tu. Zile kucha ndogo pembeni ya tundu mnazopimia, eti ndefu dume fupi jike, kwa watoto ni kupiga ramli.

Nimempigia anirudishie hela anasema nyoka alikuwa mgonjwa. Mgonjwa!! Wiki ile ile kameza panya vizuri tu.

Watatu waliobaki kila mmoja na boksi lake, juu nimeandika kwa maka peni HAJULIKANI, na mtu asiniulize jinsia mpaka wakue.