Nimenunua picha ya msiba wa Waingereza wa zamani: mbona wanakunywa juu ya jeneza?

MpemaziLeicester aliandika:

Wakuu, habari za Jumapili.

Swali langu la leo ni la ajabu kidogo, mnivumilie. Nipo Uingereza mwaka wa saba, kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani. Wiki iliyopita nilipita kwenye soko la Jumapili, lile ambalo watu wanafungua buti za magari na kuuza makorokoro ya nyumbani. Nikanunua picha ya kuchapwa, nyeusi na nyeupe, pauni sita. Kusema kweli nilifuata fremu. Nilitaka kuitoa hiyo picha niweke ya marehemu dada yangu. Nimefika nyumbani nikaitazama kabla ya kuifungua, na mpaka leo sijaifungua.

Ni chumba. Katikati kuna jeneza, kifuniko kimesogezwa, na hapo hapo juu yake watu wameweka kinywaji. Wanawake wamejaa, wamevaa kimsiba. Kuna kasisi kinywaji kinammwagikia. Kuna mmoja kaenda zake nyuma anajitazama kwenye kioo. Na mbele kabisa, miguuni pa jeneza, kuna kavulana kamevishwa mavazi ya msiba, kanazungusha pia, ile ya kuchezea watoto. Pia, wakuu! Chini kuna jina Hogarth na namba 6.

Hawa watu walikuwa wanafanya msiba ni kichekesho? Na katika wote, huyo mtoto ndiye aliyeniudhi zaidi. Dada amefariki mwezi wa tatu, sikuweza kusafiri, kwa hiyo labda tatizo ni mimi. Mwenye kujua anisaidie.

---

KokaKola_ya_Baridi aliandika:

Mkuu umefuata fremu ukapewa na majini ndani yake 😂😂 Pole sana kwa msiba lakini.

---

FundiFremu aliandika:

Pole kwa kufiwa, mdogo wangu. Mungu amlaze dada mahali pema.

Nimekata fremu London miaka kumi na tisa, kwenye kijiduka nyuma ya wauza samaki wa kukaanga, kabla ya kurudi kupumzika Tanga. Hiyo picha imepita mikononi mwangu mara nyingi kuliko picha ya Malkia, basi ngoja nikueleze.

Ni ya mwisho katika mfululizo wa picha sita alizochora na kuchonga William Hogarth, zikatoka mwaka 1732. Ni habari ya binti aitwaye Moll Hackabout, aliyeingia London kutoka mashambani, na alipotelemka tu kwenye gari la farasi akadakwa na mama kuwadi. Picha ya kwanza ndiyo hiyo ya kudakwa. Yako ndiyo matanga yake. Soma kibati cha jeneza: amefariki 2 Septemba 1731, umri miaka 23. Aliondoka kwa kaswende.

Sasa fanya hivi. Mzee aliyenifundisha kazi alikuwa na mchezo wake. Kata vipande vidogo vya karatasi, ziba nyuso zote za kwenye picha, halafu tazama mikono tu.

Anza na kasisi. Mkono mmoja una glasi, nayo inamwagika. Kwa nini inamwagika? Kwa sababu mkono wa pili ndio wenye shughuli, umeingia kwenye sketi ya msichana aliyekaa ubavuni pake, na juu yake imewekwa kofia kuusitiri. Nenda kwa mwenye biashara ya mazishi. Anamvisha mwanamke mmoja glavu. Kule ilikuwa adabu, waombolezaji wanapewa glavu, ila huyu bwana anaivisha kana kwamba glavu ina vidole kumi na viwili. Naye mwanamke, wakati anavishwa, mkono wake mwingine unamchomolea hanchifu. Ndiyo, mwizi anamwibia mwizi.

Kisha kuna mmoja ananyoosha kidole kilichoumia amwoneshe mwenzake. Hapo ndipo mimi huwa nasimama. Maiti ipo mezani, na mazungumzo ni ya kidole. Ya kasisi ni dhambi, ya hanchifu ni wizi, lakini ya kidole haina jina. Msiba gani umewahi kwenda ukakosa mtu wa kidole?

Mama anayelia kuliko wote, yule wa upande wa kulia mwenye jagi la brandi, ndiye kuwadi wa marehemu. Analia kwa haki, biashara imekufa. Na ukutani wametundika ngao ya ukoo, kama wafanyavyo mabwana wakubwa wakifiwa, ila hii imechorwa koki tatu za mapipa ya pombe.

Sasa ondoa karatasi. Tafuta mtumishi wa marehemu, anamkazia macho kasisi. Katika chumba kizima ni yeye tu aliyekasirika. Hogarth hakumpa hata chozi moja, kampa jicho. Halafu angalia kofia nyeupe iliyotundikwa karibu na ile ngao. Ndiyo kofia aliyoingia nayo mjini kwenye picha ya kwanza.

Kuhusu mtoto. Huyo ni mwanawe marehemu. Amewekwa pale miguuni kwa sababu kwa desturi yao yeye ndiye mfiwa mkuu. Mkubwa wa msiba ni yeye, na hakuna aliyemwambia. Mtoto anapewa nguo nyeusi, anakalishwa chini, basi. Ulitaka ashike nini?

---

MamaNasra aliandika:

Shikamoo Fundi. Maelezo matamu, nimesoma mara mbili. Lakini mimi nina neno.

Baada ya kukusoma nimeingia kwenye mkusanyo wa British Museum, jumba la makumbusho la London, upo wazi mtandaoni bure, nikatafuta wanawake wanaolia. Jamani! Mwanamke akilia kwenye katuni za hawa watu, ama mlevi, ama mwizi, ama ana mwanamume wa pili. Nimekutana na ya mchora katuni James Gillray, 6 Februari 1801, aliyoiita Dido, yule malkia wa Karthago aliyeachwa na mpenzi wake baharini. Lakini aliyechorwa ni Emma Hamilton, mpenzi wa Admirali Nelson, mkuu wa jeshi la majini la Uingereza aliyekwisha kupoteza mkono mmoja na jicho moja vitani. Kamchora mnene, kajaa picha nzima, yuko na gauni la kulalia, anapanua mikono kuelekea dirishani, meli zinaondoka. Mume wake mzee amelala fofofo kitandani nyuma yake. Chini kaandikiwa shairi la kumdhihaki, kwamba mpenzi wake kaenda kupoteza mkono na jicho vilivyobaki, kamwachia vikale alale navyo alie.

Huyo mama alikuwa amejifungua binti wa Nelson wiki moja tu nyuma. Wiki moja! Unene gani huo wa kuchekwa? Nikikusoma wewe Fundi, ni kama walikuwa wanacheka unafiki wa waombolezaji. Mimi naona walikuwa wanacheka wanawake, na msiba ulikuwa kisingizio.

---

FundiFremu aliandika:

Marahaba, mwanangu. Hapo umenishika pabaya, na sitajitoa kijanja.

Gillray alikuwa na ulimi wa nyigu. Lakini tumia mchezo wa karatasi na kwake pia. Mikono ya Emma kwenye hiyo picha imepanuliwa, mitupu, kama ya mwigizaji jukwaani. Ndiyo dhihaka yenyewe, kwa sababu Emma alijulikana kwa kujipanga mikao ya sanamu za kale mbele ya wageni, na hata hapo Gillray kamwekea kitabu cha mikao hiyo. Sasa tafuta nyingine ya Gillray huyo huyo, 23 Desemba 1805. Nelson amekufa kwenye vita vya baharini vya Trafalgar tarehe 21 Oktoba, habari zimeingia London tarehe 6 Novemba, mazishi bado, yatakuwa 9 Januari. Kwenye picha anakufa melini na aliyemshikilia ni Britannia, yaani nchi yenyewe kwa umbo la mwanamke. Itazame sura ya Britannia. Ni Emma. Safari hii mikono imejaa, imebeba mtu.

Sisemi kwamba alitubu. Pengine ni dhihaka ile ile imevaa nguo nzuri. Alikuwa anauza, na wiki zile London nzima ilikuwa inanunua Nelson. Lakini kwa kuwa umeuliza habari za wanawake, jua picha zote mbili ziliuzwa na mwanamke, Hannah Humphrey, mwenye duka mtaa wa St James's. Gillray aliishi juu ya duka lake, na akili zilipomruka miaka ya mwisho, ni mama huyo aliyemtunza mpaka alipokufa 1815.

Na Hogarth alipofariki 1764 alimwachia mkewe Jane mabamba ya shaba, yale yaliyochongwa picha zake kwa ajili ya kuchapia. Sheria ya hakimiliki ya wachongaji, ambayo Hogarth mwenyewe aliipigania mpaka ikapita 1735 kwa sababu ya wezi walioinakili hiyo hiyo habari ya Moll, ilikuwa inalinda miaka kumi na minne tu. Bunge likampa mjane miaka ishirini mingine, kwa jina lake kabisa. Alikula kwa chapa hizo mpaka alipofariki 1789. Kwa hiyo kuna mjane halisi kwenye habari hii, alikuwa kaunta anahesabu shilingi. Sijawahi kuona katuni yake akilia.

---

MwalimuWaHistoria_Moro aliandika:

Naongeza kidogo, msinitupe nje ya mada. Walikuwa wanazika hata sheria. Tarehe 18 Machi 1766, siku ile ile kodi ya stempu kwa makoloni ya Marekani ilipofutwa, mchoraji Benjamin Wilson alitoa katuni ya mazishi ya kodi hiyo. Maandamano kando ya mto Thames, maaskofu wawili wanafunga msafara, mbwa anamkojolea mguu anayeongoza ibada. Kwa kanuni ya Fundi ya mikono: jeneza ni dogo, la mtoto, maana kodi ilizaliwa 1765. Na aliyelibeba ni George Grenville, waziri mkuu wa zamani aliyeileta kodi hiyo. Kalipakata mwenyewe kifuani. Huwa nawaonyesha kidato cha nne, wanacheka mbwa, halafu kuna mmoja huwa ananyamaza. Ziliuzwa nakala 2,000 kwa shilingi moja moja ndani ya siku chache, kisha wezi wakaiga wakauza kwa nusu bei.

---

MamaNasra aliandika:

Fundi umenipoza nusu. Nusu iliyobaki naenda nayo. Yule wa kaunta nimempenda.

---

FundiFremu aliandika:

Nusu inanitosha.

Wewe wa Leicester, kabla hujatoa picha kwenye fremu: pitisha kidole pembeni mwa mchoro. Kama ilitoka kwenye bamba la shaba utahisi mfereji mwembamba kuzunguka pande zote nne, pale bamba lilipobonyeza karatasi ikiwa mbichi. Ukiona vidotidoti kwa kioo cha kukuzia, basi ni ya mashine za juzi. Kwa pauni sita usianze kujenga nyumba, mabamba ya Hogarth yalichapwa tena na tena hata baada ya mjane. Lakini kama mfereji upo, usiikate wala usiibandike kwa gundi. Niandikie kwanza.

---

MpemaziLeicester aliandika:

Shikamoo Fundi, na asanteni wote. Nilikuwa zamu ya usiku, ndiyo nimesoma sasa.

Mfereji haupo. Vidoti vipo. Ndoto ya nyumba imekufa bila matanga 😅

Nilifanya ule mchezo wa karatasi mezani kwa bibi ninayemhudumia, ana miaka tisini na mbili. Akaniuliza nafanya nini, nikamweleza, akavaa miwani akatafuta mtu wa kidole akampata kabla yangu. Akacheka mpaka akakohoa. Akasema kwenye maziko ya mumewe shemeji yake aliongea habari ya goti mwanzo mpaka mwisho.

Kofia ipo. Nisingeiona mimi.

Halafu kuna jambo sikuliandika mwanzoni. Dada ameacha mtoto, wa kiume, miaka mitano. Nilitumiwa video ya msiba nikaiangalia mara moja tu, na nilikasirika sana na sikujua namkasirikia nani. Leo asubuhi nimeifungua tena. Dakika ya kumi na moja yupo, chini ya turubai, anazungusha kifuniko cha soda kwenye kiti cha plastiki. Kavishwa shati jeusi la mtu mzima, mikono imekunjwa mara nne ili imtoshe. Kuna mtu alikaa akaikunja. Nimempigia mama kumuuliza ni nani, hakumbuki.

Picha ya Hogarth nimeiacha kwenye fremu yake. Ya dada nitanunua fremu nyingine. Fundi, mbao gani inafaa picha ya rangi, saizi ya karatasi ya A4?