Safari ya treni ya saa 26 na watoto watatu pamoja na bibi yao: nijipangeje?

MamaWatatu

Habari zenu wakuu. Likizo hii tunasafiri kwa treni familia nzima, na tangu nilipolipia tiketi roho haijatulia. Treni ya kwanza ni saa 17, tunalala humo humo. Tukishuka tunaunganisha nyingine ya saa 8 na ushee. Katikati, kwa mujibu wa ratiba, kuna dakika 40.

Tuko sita. Mimi na mume wangu, mama mkwe mwenye miaka 71 (ana kisukari, anachoma insulini), binti wa miaka 12, wa kiume wa miaka 5 ambaye hata safari ya nusu saa anatapika, na mdogo wa miezi 9 anayetumia maziwa ya kopo. Treni ya kwanza tumepata chumba cha vitanda vinne, na vitanda viwili kwenye behewa linalofuata. Treni ya pili ni viti, na vimetawanyika.

Naomba ushauri kwa wanaojua: dakika 40 zinatosha? Nani alale wapi? Maziwa na insulini nivibebeje? Na huyu wa miaka 5 nimpe nini? Wengine wananiambia nimnyweshe dawa ya mafua apitiwe na usingizi njia nzima.

Ratiba

Dada, nianze na hizo dakika 40, maana hapo ndipo safari inapoweza kukatika.

Ratiba inakupa muda wa treni kusimama, haikupi muda wako wa kushuka. Watu sita na mizigo kutoka chumbani hadi chini ya ngazi za behewa ni dakika 5 hadi 8. Kuhama jukwaa, kupanda na kushuka ngazi, ukiwa na mtoto mgongoni na mama wa miaka 71 pembeni, weka dakika 15. Treni nyingi za masafa marefu hufunga milango dakika moja au mbili kabla ya saa ya kuondoka. Kwa hiyo ulichobakiwa nacho hakifiki dakika 20, na treni iliyotembea saa 17 kuchelewa kiasi hicho si jambo la ajabu. Penye njia moja ya reli, treni ikishapoteza nafasi yake inabidi isubiri kwenye stesheni ya kupishana mpaka inayokuja ipite. Ndiyo maana kuchelewa dakika 5 kunaweza kuzaa dakika 25 mbele ya safari.

Swali la kuuliza leo, siyo siku ya safari: hizo tiketi ni tiketi moja ya safari nzima, au ni mbili zilizonunuliwa mbali mbali? Ikiwa ni moja, kwa kawaida treni ya kwanza ikichelewa unapangiwa nyingine. Ikiwa ni mbili, treni ya pili inakuhesabu kuwa hukutokea, na nauli inaweza kupotea. Kama ni mbili, badilisha ya pili uchukue inayofuata hata kama itawaweka stesheni kwa muda wa saa tatu. Watoto watanyoosha miguu, mama atapima sukari kwa utulivu, nawe hutakimbia na mtoto mkononi.

FundiBehewa

Nazungumzia viti na vitanda.

Behewa linakalia seti mbili za magurudumu, moja karibu na kila mwisho. Ukikaa juu yake unapata mtikisiko na kelele zote za reli. Ukikaa katikati ya behewa mtikisiko unapungua sana. Mwisho wa behewa ndiko kwenye choo, mlango unaofunguka na kufungwa, na watu wanaopita usiku kucha. Mtoto anayetapika akae katikati, dirishani, akitazama mbele treni inakoelekea.

Kuna jambo linawakwaza wengi: baadhi ya stesheni kubwa ni za kuishia, treni inaingia kwa kichwa na kutoka kwa mkia. Kiti kilichokuwa kinatazama mbele kinaanza kurudi nyuma, na mpangilio wa mabehewa unageuka. Muulize mhudumu mapema kama treni yenu inageuka njiani. Muulize pia kama inakatwa. Kuna treni zinazoondoka zikiwa moja, njiani mabehewa ya mbele yanakwenda kwingine na ya nyuma kwingine. Ndiyo sababu ya kusoma namba ya behewa kwenye tiketi na kuilinganisha na iliyobandikwa mlangoni, hata kama kiti kile kinaonekana kitupu na kizuri.

Choo: tanki hujaa na maji ya kunawa huisha kadiri saa zinavyokwenda. Watoto waende mapema, kabla ya foleni ya asubuhi. Nepi na tishu nyevu zisiingie chooni hata moja. Vyoo vingi vya kisasa vinavuta kwa hewa kupitia bomba jembamba, nepi moja inakifunga choo mpaka mwisho wa safari, na mkihesabu mtaona behewa zima linabaki na choo kimoja au hakuna kabisa. Beba mifuko 10 ya plastiki ya kufunga nepi.

Nesi_Zamu

MamaWatatu, dawa ya mafua ya kumlaza mtoto, hapana. Kusinzia ni athari tu ya dawa hizo, siyo kazi yake, na kuna watoto wanaofanyiwa kinyume: badala ya kulala wanachangamka kupita kiasi na kulia usiku mzima. Ukizidisha kipimo ni hatari, na kwenye treni uko mbali na hospitali. Kama unataka dawa ya kichefuchefu cha safari, mwone mfamasia umtajie umri na uzito wa mtoto, na umuulize inywewe muda gani kabla ya kuondoka. Ukingoja aanze kutapika ndipo umpe, kidonge kitatoka na matapishi. Ijaribu siku moja mkiwa nyumbani, usianzie safarini.

Kichefuchefu chenyewe kinatokana na macho na sikio la ndani kutoelewana. Sikio linahisi mwendo, macho yanayotazama simu au kitabu yanasema tumetulia. Kwa hiyo simu iwekwe pembeni treni ikiwa kwenye kona nyingi, atazame mbali nje. Mlo mdogo na mkavu saa moja au mbili kabla, usimwache na njaa wala usimshibishe. Mfuko wa kutapikia uwe mfukoni mwako, siyo ndani ya begi lililo juu ya rafu. Akitapika, msubiri dakika 10 ndipo umpe maji, vijiko viwili vitatu kila baada ya dakika chache. Akigugumia kikombe kizima kitarudi chote.

Beba pakiti za chumvichumvi za kuongeza maji mwilini. Zikikosekana: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Chumvi usikadirie kwa jicho, ikizidi inamdhuru mtoto. Akiharisha, mdogo wa miezi 9 apewe mililita 50 hadi 100 kila baada ya choo, kwa kijiko. Wa miaka 5, mililita 100 hadi 200.

Maziwa ya kopo: usichanganye chupa tano asubuhi ukazitembeza. Yaliyochanganywa na kukaa kwenye joto la kawaida mwisho wake ni muda wa saa 2, baada ya hapo yamwagwe. Pima unga wa kila mlo kwenye kikopo chake kikavu. Jaza themosi maji yaliyotoka kuchemka, ijae mpaka juu ili yasipoe upesi, kwa sababu unga wa maziwa unatakiwa ukutane na maji yasiyopungua nyuzi 70 kuua vijidudu vilivyomo kwenye unga wenyewe. Poza chupa ndani ya kikombe cha maji baridi, dondoshea tone kwenye kifundo cha mkono wako ndipo umpe. Themosi ifunguliwe treni ikiwa imesimama au mbele imenyooka, na aliyembeba mtoto asiiguse. Maji ya moto na breki ya ghafla ndiyo ajali ninayoihofia zaidi kwenye safari kama hii.

BabaKitindamimba

Naongezea upande wa mizigo kwa kifupi. Idadi ya mabegi isizidi mikono iliyo huru. Mmoja wenu anabeba mtoto, mama mkwe hashiki kitu zaidi ya mkoba wake, wa miaka 5 anashikwa mkono. Mnabaki na mikono michache sana! Binti wa miaka 12 abebe begi la mgongoni lisilozidi kilo 4 au 5. Halafu tenga begi moja dogo la usiku lenye nguo za kubadilisha seti moja kwa kila mtoto, nepi, tochi na chaja. Makubwa yakishapanda rafuni yasishuke mpaka mwisho.

Pawabenki ya 20,000 mAh haijazi simu ya 5,000 mAh mara nne, nguvu nyingine hupotea njiani. Hesabu mara tatu au pungufu kidogo.

MamaWatatu

Asanteni sana, nimeshika mengi. Nimeangalia, tiketi ni mbili tofauti. Kesho naenda kubadilisha ya pili.

Bado vitanda. Nilifikiri mume wangu alale behewa la pili na binti, mimi nibaki na mama na wadogo wawili. Na insulini je? Pia naogopa stesheni za katikati, huyu wa miaka 5 ni mwepesi kuteleza.

Nesi_Zamu

Mpangilio huo unakuacha peke yako na mgonjwa na watoto wawili usiku kucha. Mtoto akitapika saa nane za usiku na mama akashuka sukari, utashika lipi? Bora mume wako abaki chumbani na mama, binti na wa miaka 5. Waliopewa vitanda viwili vya behewa lingine wawe wewe na mdogo, kwa sababu mdogo atalia na kuamsha wengine hata hivyo. Na kabla ya yote mwombeni mhudumu, abiria wa peke yake mara nyingi hukubali kubadilishana ikiwa anapewa kitanda cha daraja lile lile.

Mama mkwe kitanda cha chini. Wa miaka 5 naye chini. Vya juu ni vya binti na baba. Mdogo asilale ubavuni mwako kwenye kitanda hicho chembamba ukiwa umechoka, anaweza kuangukia sakafuni au kubanwa kati ya godoro na ukuta. Mlaze chali kwenye kikapu chake kigumu chenye kitako bapa, au akae kwenye kitanda chake nawe ukae macho.

Insulini isiingie kwenye begi kubwa. Chupa au kalamu inayotumika inavumilia joto la kawaida lisilozidi nyuzi 30 kwa takriban wiki nne, kwa hiyo safari ya siku moja haina shida. Kinachoiharibu ni jua la dirishani na barafu inayoigusa moja kwa moja, ikiganda itupwe. Igawe sehemu mbili, nusu kwenye mkoba wake, nusu kwako. Chakula cha treni kikichelewa asichome kabla sahani haijafika mbele yake. Sukari ikishuka chini ya 4 (mmol/L) kwenye kipimo, apewe vijiko vidogo vitatu vya sukari kwenye maji, mngoje dakika 15, mpime tena.

Miguu yake nayo. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa mwaka 2007 ulionyesha kwamba kusafiri saa 4 na zaidi umekaa huongeza maradufu uwezekano wa damu kuganda kwenye mishipa, na hauhusu ndege peke yake, treni na basi vimo. Kila saa asimame, au akiwa amekaa anyanyue visigino na vidole mara 20 hivi. Na anywe maji, asijinyime eti kukwepa kwenda chooni.

FundiBehewa

Kuhusu stesheni za katikati, fundisha sentensi mbili tu, uzirudie naye mpaka aziseme mwenyewe.

Akibaki jukwaani treni ikaondoka: asimame pale pale, amwendee aliyevaa sare, asiondoke na mtu mwingine. Nyie mliomo ndani mwambieni mhudumu papo hapo, ana mawasiliano na stesheni.

Nyie mkibaki jukwaani yeye akiwa ndani: abaki ndani, amwendee mwenye sare, atashushwa naye stesheni inayofuata na kukabidhiwa. Asijaribu kuruka. Nanyi msilishike behewa linalotembea.

Namba ya simu iandikwe kwa kalamu ya wino mzito ndani ya mkono wake, pamoja na namba ya behewa, na asubuhi iandikwe tena kwa sababu jasho linafuta. Kwenye vituo vifupi mtu mmoja tu mkubwa ndiye ashuke, watoto wakae. Wakati wa kushuka mwisho, anzeni kupeleka mabegi karibu na mlango dakika 15 kabla. Baba ashuke wa kwanza apokee watoto, binti amshike wa miaka 5, na wewe utoke wa mwisho baada ya kupapasa chini ya mito na mwanya wa ukutani. Vidole vya watoto viwe mbali na bawaba za mlango wakati huo, treni ikisimama kwa mshtuko mlango huo unajifunga wenyewe.