Familia ya Koko, bibi yetu (Goma na Bukavu): safari ya Bahati

Bahati, 18:52
Jambo familia yote. Mimi, Grâce na Christian tuko tunapanga kutembea kwa miguu vakansi hii. Ile njia ya Congo-Nil, upande wa Rwanda, inafuata ziwa Kivu. Inaanzia hapa Gisenyi, inaishia kule Kamembe, ukivuka daraja uko Bukavu kwa Tantine. Kilomita 227 😎

Yaya Neema (dada mukubwa), 18:54
227 kwa miguu? Wewe mwenye kupanda pikipiki kutoka Birere mpaka soko ya Virunga, hapa hapa Goma?

Christian, 18:54
😂😂😂

Bahati, 18:55
Yaya, njo vile mtu anaanza.

Mama Aline, 18:57
Nani anajua mufuko ya makala (makaa) imefika bei gani Katindo?

Yaya Neema, 18:58
Mama Aline, makala utauliza Papa Dieudonné, ye njo alinunua juzi. Hapa tuko na mtoto anataka kwenda Bukavu kwa miguu.

Tantine Furaha (Bukavu), 19:03
Karibuni sana, lakini mukifika na miguu imevimba mimi sina dawa. Bahati, watu wenye nguvu wanaimaliza kwa siku kumi hivi. Wenye baiskeli siku tano. Kama munataka kutembea vizuri, kujeni huku kwangu, tuende msitu wa Nyungwe. Huko njia zimepangwa, kila moja ina jina, munapewa gidi wa kuwaongoza, munalipa, basi. Na kuna lile daraja la kuning'inia juu ya miti, mita 160 hivi. Nililipita nikiwa nimefunga macho. Msitu wenyewe umeandikwa urithi wa dunia mwaka 2023.

Grâce, 19:05
Tantine, sasa ukifunga macho uliona nini?

Tantine Furaha (Bukavu), 19:05
Niliona Mungu.

Koko, 19:11
(Grâce anaandika kwa ajili ya Koko) Mutatembea bila muzigo, bila soko, bila kilio? Sasa mutakuwa munaenda fanya nini? Sisi tulipanda ile milima ya Masisi na viazi ku mugongo, hakuna mutu alituita watalii.

Christian, 19:12
Koko ametumaliza.

Bahati, 19:14
Koko, tunaenda kuona. Na kupumua hewa. Huku Goma ni vumbi tu na mawe ya volkano.

Papa Mukubwa, 19:31
Nimesoma yote. Vokali (ujumbe wa sauti) siwezi kutuma, niko mahali pa watu, kwa hiyo muvumilie maandishi marefu.

Bahati, njia hiyo naijua kwa sababu nilitembea sehemu zake nyingi nikinunua kahawa, kabla haijapewa jina na vibao. Haikuchongwa kwa ajili ya watalii. Ni njia za watu kwenda sokoni, kwenda kuteka maji, kupeleka kahawa kwenye kituo cha kuosha. Wamekuja tu kuziunganisha na kuziwekea alama. Njo maana hakuna mlango, hakuna tiketi, unaingia popote. Lakini njo maana pia unapita kati ya mashamba ya watu, karibu kwenye lupango (nyua) zao. Tantine anasifu Nyungwe na ana haki, ni msitu wa ajabu. Mimi lakini nyani hawanisalimii. Watu wa milimani wananisalimia.

Sasa sikilizeni. 227 muiache. Mufanye Gisenyi mpaka Kinunu, siku mbili. Siku ya kwanza munafuata ziwa, munapita kiwanda cha bia na maji moto ya Nyamyumba, kisha munapanda. Munalala Rwiza. Siku ya pili munashuka Kinunu, kwenye kahawa. Sehemu hiyo inatosha kuwaonyesha karibu kila kitu: ndizi chini karibu na maji, kahawa katikati, mihogo na maharage kwenye matuta, miti ya mikaratusi juu. Chai yenyewe muitafute Pfunda, nje kidogo ya Gisenyi. Wenye kuchuma wanaanza mapema asubuhi, mukichelewa mutakuta vikapu vimeshaenda kiwandani.

Kahawa yao inavunwa kuanzia Machi mpaka Juni hivi, kwa hiyo Julai mutakuta mwisho mwisho: zile meza ndefu za kuanikia, wamama wamekaa pembeni wanachambua punje mbovu. Mukiwaona simameni, muulize. Huyo mama anajua kahawa kuliko mwenye kuinywa Ulaya.

Yaya Neema, 19:36
Papa ameandika kitabu 👏

Papa Mukubwa, 19:38
Bado. Mvua. Sisi wa Goma tumezoea mawe, kiatu kinaisha lakini hutelezi. Kule ni udongo mwekundu. Ikinyesha hata nusu saa unashuka mlima na makalio. Kuanzia Machi mpaka Mei musijaribu kabisa, mwaka 2023 mwezi wa Mei mto Sebeya ulifurika pale pale Rubavu, wilaya yenye Gisenyi, na milima ikaporomoka, watu zaidi ya 130 walikufa magharibi na kaskazini ya Rwanda kwa usiku mmoja. Muende Juni, Julai, Agosti.

Bahati, 19:40
Sawa papa. Julai.

Grâce, 19:41
Lakini kwa nini inaitwa Congo-Nil na mto Nile uko Misri?

Papa Mukubwa, 19:47
Aaah, hapo umenipendeza. Ule mgongo wa milima mutakaouona upande wa kushoto mukitembea, njo unagawa maji. Tone likianguka upande wa huku, linashuka Kivu, linatoka kwa mto Ruzizi pale Bukavu kwa Tantine, linaingia Tanganyika, linatokea Kalemie kwa Lukuga, linaingia Lualaba, linazunguka nchi yetu yote mpaka bahari ya Atlantiki. Tone lingine likianguka mita chache upande wa pili, linaenda Nyabarongo, Akagera, ziwa Victoria, mpaka Misri.

Na kuna jambo lingine. Zamani sana, Kivu yetu ilikuwa inamwaga maji kaskazini, upande wa ziwa Edward, maana yake upande wa Nile. Halafu hizi volkano za Virunga zikainuka na kuziba njia. Maji yakajaa mpaka yakapata mlango kusini. Volkano hizi hazikuanza jana kutusumbua.

Christian, 19:49
Kumbe hata ziwa lilihamishwa na volkano 😅

Tantine Furaha (Bukavu), 19:50
Na sisi Bukavu tukapata umeme wa Ruzizi. Aksanti Virunga.

Yaya Neema, 19:51
Umeme gani huo, wa masaa mangapi kwa siku?

Tantine Furaha (Bukavu), 19:51
Neema usinianzishe.

Mama Aline, 19:55
Mimi nina maneno ya kweli ya kuwapa. Kwanza, musivuke na sashe. Rwanda sashe za plastiki zilikatazwa tangu 2008, kwenye mpaka wanafungua sakado (mufuko wa mugongo) wanazitoa moja moja, mkate unabaki uchi. Mufunge vitu kwa kitambaa. Pili, musipange kuanza siku ya posho (Jumamosi) ya mwisho ya mwezi. Ni umuganda, asubuhi watu wote wako kwenye kazi ya pamoja, barabara zimetulia, maduka yamefungwa, mutakosa hata chai. Tatu, karatasi za mpaka kila mtu ajue zake.

Bahati, 19:57
Sashe sikufikiria kabisa. Aksanti mama.

Grâce, 19:58
Ni kweli watoto wa kule wanaita kila mwenye sakado muzungu?

Papa Mukubwa, 20:02
Kweli kabisa, hata ukiwa mweusi kama mimi. Jibu ni "mwaramutse" asubuhi, "mwiriwe" baada ya mchana, na kucheka. Musigawe bonbon wala pesa barabarani, mutawafundisha watoto kusimama njiani badala ya kwenda masomo.

Na heshima ya njia: mwenye mzigo ndiye mkubwa. Mama mwenye ndizi kichwani akikuja, wewe unasogea pembeni, tena upande wa chini, yeye anapita upande wa mlima. Musikate kona kwa kupitia matuta. Lile tuta linashika udongo wa familia moja, ukilivunja, mvua ya Septemba inamalizia kazi yako. Picha za watu, uliza kwanza. Kama anakataa, amekataa.

Koko, 20:09
(Grâce) Sasa huyo ameongea kama mutu. Mwenye muzigo njo mukubwa.

Bahati, 20:10
Koko umekubali tuende?

Koko, 20:12
(Grâce) Muende. Mutaniletea kahawa ya Kinunu, ile ya kukaangwa. Na mukilala kule usiku musikilize wavuvi, wanaimba wakipiga kasia. Mitumbwi mitatu imefungwa pamoja, na taa. Hiyo samaki ndogo ya sambaza munayokula leo, mimi nikiwa mutoto haikukuwa ndani ya ziwa.

Papa Mukubwa, 20:14
Mama anasema kweli. Ililetwa kutoka Tanganyika mwaka 1959.

Christian, 20:16
Kurudi tutapanda nini kutoka Kinunu?

Papa Mukubwa, 20:17
Pikipiki mpaka barabara kubwa, halafu basi mpaka Gisenyi. Muulize bei kabla ya kupanda, si baada.

Bahati, 20:19
Basi ni sisi watatu. Maji, mikate, koti za mvua hata kama ni kiangazi, viatu vyenye meno. Grâce usikuje na kambambili.

Grâce, 20:19
Nani alisema nitakuja na kambambili??

Koko, 20:23
(Grâce) Watatu hapana. Watoto peke yao hawavuki mpaka bila mukubwa. Neema aende nao.

Yaya Neema, 20:23
Koko!!

Yaya Neema, 20:24
Mimi niko na kazi Julai.

Mama Aline, 20:25
Julai uko kongé (likizo), uliniambia mwenyewe.

Bahati, 20:26
Yaya, unavaa viatu namba ngapi? Christian ana jozi ya ziada.