Naomba ushauri: shule ya awali ya serikali, kutwa nzima au nusu siku?

Wazazi wenzangu, habari zenu. Binti yetu ametimiza miaka 4 na amepata nafasi kwenye shule ya awali ya serikali. Tumeambiwa tuchague: abaki hadi alasiri, au arudi nyumbani kabla ya chakula cha mchana. Mimi na baba yake bado hatujaafikiana.

Baba yake anataka kutwa nzima, kwa kuwa sote tunafanya kazi na nusu siku ina maana ya kutafuta mtu wa kumpokea na kushinda naye mchana. Hoja hiyo naielewa, tena ina uzito. Kinachonitia wasiwasi ni usingizi. Huyu mtoto bado analala mchana. Akikosa, ikifika jioni analia kwa sababu tu nimeanza kumvua kiatu cha kushoto badala ya cha kulia, na chakula hagusi. Watoto wa miaka 3 hadi 5 wanashauriwa kulala jumla ya saa 10 hadi 13 kila siku, usingizi wa mchana ukiwemo, na asubuhi itabidi tumwamshe mapema.

Masomo hayanisumbui sana. Umri huu anajifunza kwa kucheza, popote alipo.

Kwa mliopitia haya: watoto wenu walichukua muda gani kuzoea? Kuna aliyeanza na nusu siku kisha akaongeza, na shule ikakubali? Na nikienda kuonana na mwalimu, zaidi ya kuuliza kama wana mahali pa kulala na mwalimu mmoja anaangalia watoto wangapi, niulize nini kingine?