Mgonjwa wa barabarani hupimwa mwisho: dharau au fedha?

Zamu_Usiku (Goma): Wakubwa wa kazi, naomba mawazo. Pale dharura, mgonjwa aliyeokotwa Birere au sokoni Virunga, mchafu, bila gadimaladi (ndugu wa kumhudumia hospitalini), hungoja kuliko wengine hata dalili zikiwa nzito. Hakuna anayemtukana, na wauguzi wote wanasema wanatendea watu sawa. Nitajuaje ukweli, na nirekebishe wapi?

Mama_Rejista: Usiwaulize, kila mtu atajibu vizuri. Fungua rejista: wagonjwa 30 wa barabarani, 30 wengine wa rangi ileile ya triaji (kupanga wagonjwa kwa uzito wa hali), kisha hesabu dakika toka kuingia hadi vipimo vya kwanza. Mchana na usiku uvitenganishe, maana kichwa kilichochoka ndicho hukata njia ya mkato. Saa ya kuingia haiandikwi? Anzia hapo.

Kaka_Serumu: Mimi nasema ni fedha. Bila gadimaladi, nani atakimbia famasi kununua kateta (sindano ya mshipa)?

Mama_Rejista: Basi ongeza kundi la tatu, kaka: fukara aliyeletwa na ndugu zake. Huyo akipimwa haraka na yule wa barabarani akangoja, fedha siyo jibu. Tena, kupima joto na presha kunahitaji famasi gani?

Yaya_Triaji (Bukavu): Hatari yenyewe ni neno "mulevi". Likitamkwa wakati wa kupokezana zamu, hakuna anayetafuta tena. Kanyanga (pombe kali ya kienyeji) inanuka, damu inayovuja ndani ya fuvu hainuki, na mtu mmoja anaweza kuwa na vyote viwili. Fahamu ikipungua, glisemia (sukari ya damu) kwanza. Chini ya 70 mg/dl, mtu mzima apewe glukozi 10%, ml 250 kwenye mshipa, kisha upime tena baada ya dakika 15. Kama ni mnywaji wa kila siku, thiamini (vitamini B1) mg 100 pia, ila glukozi isiingojee. Halafu mboni zote mbili, joto la mwili (amelala nje, na usiku wa Kivu ni baridi), na vidole chini ya nywele kutafuta jeraha. Glasgow (alama za fahamu, 3 hadi 15) kila dakika 30: pombe ikiisha fahamu hupanda. Ikishuka pointi 2, au mboni moja ikapanuka, daktari aitwe papo hapo. Kwenye fishi (karatasi ya mgonjwa) usiandike "maibobo (mtoto wa barabarani) kalewa". Andika "ananuka pombe, Glasgow 13, Y3 V4 M6", yaani macho 3, maneno 4, mwendo wa viungo 6.

Zamu_Usiku: Asante, yaya. Na vifaa?

Yaya_Triaji: Boksi moja la dharura: kateta, tubulure (mrija wa dripu), glavu, serumu (maji ya dripu), glukozi. Kinachotumika kiandikwe, kirudishwe asubuhi. Ufunguo akae nao muuguzi wa zamu, siyo mhasibu anayelala kwake.