Naomba ushauri: vipele vyenye kishimo usoni, CD4 (seli za kinga ya mwili) iko chini

Habari zenu wakuu. Kaka yangu, miaka 38, ana wiki 3 tangu aanze ARV. CD4 ilikuwa 64. Usoni na shingoni ana vipele vigumu vyenye kishimo katikati, haviwashi. Zahanati walisema fangasi wa kawaida. Tumepaka klotrimazoli siku 14, wapi! Vimeongezeka. Daktari mwingine akasema ni virusi tu, vitaisha CD4 ikipanda.

Kinachonitia hofu ni kichwa, kinamuuma tangu Jumamosi, na nasikia fangasi wa kriptokokasi naye hutoa vipele vya namna hiyo hiyo.

Je, kipimo cha damu kinatosha kuugundua ugonjwa huo, au lazima wakate kipande kidogo cha kipele wakakipime? Na tusubiri kliniki ya Alhamisi, au nimkimbize hospitali leo?