Perl: nikishafork, jumla inabaki 0 kwa mzazi

zabibu_mbichi
Wakuu habari za jioni. Nina kiskripti cha Perl (lugha ya kuandikia programu) kinajumlisha magunia ya mahindi ya Kibaigwa, mafaili ya mzani yako manne na kila faili nimeifungulia prosesi yake kwa fork (skripti inajigawa, ya awali ni mzazi, mpya ni mtoto) ili iende chap, sasa $jumla nimeitangaza juu kabisa, watoto wanaiongeza fresh tu (nikiprint humo ndani naona 412, 388...) ila mzazi akishamaliza waitpid (kungoja watoto wamalize) anasoma 0. Nimekesha nayo hadi mama watoto kaniuliza huyo Perl ni nani.

mbuyu_wa_nala
Hahaha pole. Hujakosea, fork ndo ilivyo. Mwanzoni mzazi na mtoto wanatumia kurasa zilezile za memori, ila yeyote akiandika tu, kernel (kiini cha mfumo endeshi) inamtolea nakala yake. Yani umetoa fotokopi ya daftari ukampa kijana aende nalo Kibaigwa, ataandika wee, la kwako hapa Majengo liko vilevile.
Chukua moduli ya IPC::Shareable, inafanya variabo iwe ya pamoja kwa prosesi zote, na uiweke KABLA ya fork:

`tie my $jumla, 'IPC::Shareable', { key => 'gunia', create => 1, destroy => 1 };`
`$jumla = 0;`

zabibu_mbichi
Imekubali mkuu!! Ila mbona nikirun mara mbili mafaili yaleyale napata 1587 halafu 1561?

mbuyu_wa_nala
Hujafunga mlango. `$jumla += $n` ni kusoma, kujumlisha, kuandika, sasa wawili wakisoma 900 kwa pamoja, mmoja anafuta kazi ya mwenzie. Anza na `(tied $jumla)->shlock;` (kufunga) jumlisha, kisha `(tied $jumla)->shunlock;` (kufungua). Na usifunge kwa kila mstari utalala hapo, kila mtoto ajumlishe kwenye variabo yake ya kawaida, mwisho ndo aingie mara moja.

fundi_wa_kizota
Naongezea, maana hili lilinitoa jasho. Skripti ukiiua kwa kill -9 (kuiua papo hapo) ile destroy haipati nafasi ya kufuta, kipande cha memori kinabaki kwenye mashine hata prosesi zote zikiwa zimekufa. Mimi nilisahau ule mstari wa kuweka sifuri, kesho yake hesabu ikaanza na magunia ya jana, bosi akafurahi bure. Angalia kwa `ipcs -m`, futa kwa `ipcrm -m` na namba yake.
Halafu kusema ukweli kwa kazi hii hata sioni haja ya memori ya pamoja, kila mtoto ana namba moja tu ya kurudisha, mfungulie pipe (bomba la kupitishia data kwa mzazi) aiprint humo, mzazi asome nne ajumlishe basi, hakuna kufunga hakuna kufuta. Shareable iache kwa siku watoto watakapotaka kusomeana namba kazi ikiwa inaendelea.

zabibu_mbichi
Duh nimecheki ipcs, vipo vitatu vimelala, vya juzi hivyo nilivyokuwa naua kwa hasira. Nimevifuta, naandika ya pipe sasa hivi.

zabibu_mbichi
1604, mara tano mfululizo. Hata ile 1587 ilikuwa uongo kumbe.